Masque ya Papai, Siku Bakwe Balikuja

Juzi ku soko mulinicheka, bamama benzangu, juu nilikatala ata kugusa ile paketi ya bitambaa bya kubandika ku uso, ile banaita masque, mukasema koko, bibi muzee, anaogopa urembo. Hapana urembo. Ninaogopa akili yangu mwenyewe. Basi acha niseme, haya ni yangu, na majina ya bote balioniona ile siku ingali mu kichwa (ya mbuzi tu njo sikuulizaka).

Ilikuwa wakati ya vita, wakati masasi ya bunduki ilikuwa inalia ata bila sababu. Tulikaa hapa Bungulu, na shamba yangu ya papai ilikuwa Mulekera. Kazi yangu ilikuwa kuchanja: asubuhi unachora papai mubichi na wembe, maziwa yake inatiririka, unaikinga, unaianika, bacommerçant banakuja kununua, banasema ng'ambo banalainisha nayo nyama. Na kila mutu wa ile kazi anajua kama maziwa ya papai inakula mikono. Mi mwenyewe nilikuwa ninafunga mikono na sachet ya plastiki kila asubuhi. Mushike hiyo.

Mutoto wangu wa kwanza, Masika, alichumbiwa na Kambale, kijana wa Butembo, kule Rughenda. Mama ya Kambale, Mama Kahindo, aliuzishaka mafuta na bintu bya urembo bya kutoka Dubai, mwanamuke wa ngozi laini sawa yai lenye kumenywa, na mi uso yangu ilikuwa ya jua na majembe. Juu barabara ilikuwa mubaya, jamaa zote mbili tukapatana kumaliza mambo siku moja: balete asubuhi mbuzi ya mali, ni kusema mahari, na moja yake ya mama ya bibi-arusi, tukule, na mbele jua ishuke baende na bibi-arusi.

Mbele ya ile siku, Mama Kahindo akanitumia zawadi kwa mukono ya mushenga: paketi moja, ndani kitambaa chepesi cha kulowa, kimekatwa sawa uso, na matundu ya macho, ya pua, ya kinywa. Nikabandika. Eeh, bamama! Baridi, harufu ya maua, na nilipoitoa nikagusa shavu nikasema hii hapana yangu. Mais lakini paketi ilikuwa moja tu. Nikafua kile kitambaa, nikaianika ku kamba katikati ya bikwembe, nguo zangu za kujifunga, ikapasuka ku pua.

Basi nikasema nitatengeneza yangu. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili ya primaire, shule ya musingi, mais mukasi ninajua kushika. Nikakata drap ya zamani, shuka ya kitanda, nikatoboa macho na kinywa, nikailowesha mu maji ya muchele na asali, nikaongeza unga ya muhogo juu ishikilie vizuri, na kama ningesimama hapo, ningekuwa mutu mwenye heshima. Mais nikaanza kuwaza: maziwa ya papai inakula ngozi ya zamani, si ndiyo? Basi chini kutatokea mupya! Nikamimina. (Na sachet ku mikono, bamama. Mikono niliifunga. Uso nikaiachilia.)

Asubuhi ya bakwe, sombe, majani ya muhogo, ikiwa ku moto, nikaingia mu chumba, nikabandika, nikalala. Kwanza ikanitekenya sawa mende. Kisha ikakauka, ikavuta, ule unga ya muhogo ikafunga kinywa sawa udongo ya ukuta. Nikasema, njo inafanya kazi.

Mara: PAAA!

Wakati ile hakuna mutu aliuliza. Mama Kavugho, jirani yangu, akatupa mwiko, akalia "Masasi!", batu bote bakakimbilia mu shamba ya ndizi, na mi nikatoka mbio na ile uso nyeupe, kikwembe mukononi, nikapita njia ya mukato, nikatokea ku barabara.

Kumbe ilikuwa pneu, mupira ya gurudumu, imepasuka. Pneu ya gari ya bakwe. Bote balikuwa bameshuka, banaiangalia, na mi nikasimama mbele yao.

Mzee Paluku, musemaji wao, njo aliniona wa kwanza. "Yesu wangu! Mufu!" Kakule, dereva, akaingia chini ya gari. Mbuzi zikaruka, kamba ikakatika, zikaenda. Mama Kahindo akajikinga na valise, sanduku ya nguo ya bibi-arusi.

Nikataka kusema "Karibuni, bakwe," ikatoka "mmmh, mmmh," juu kinywa ilikuwa imegandamana. Hapo njo ilikuwa mubaya zaidi. Shangazi ya Kambale, Mama Biira, mwanamuke wa maombi, akanyosha kidole: "Kakule, toka huko, geuza gari! Nyumba mwenye mama anavaa uso ya mufu kupokea bakwe, mutoto yetu hataingia. Ni bulozi!"

Nikaona ndoa ya mutoto wangu inarudi Butembo. Nikapiga magoti mu vumbi.

Mama Kahindo akaja pole pole, akainama, akanusa. Akashika pembe ya drap kando ya sikio. "Ngojeni. Hii ni masque! Si mimi njo nilimutumia?" Akavuta. Bamama, na ngozi ikafuata.

"Dada, umetia nini humu?"

"Papai."

"Ya kuiva?"

"Maziwa."

Akaniangalia. "Ile banalainishaka nayo nyama?"

Nikaitika na kichwa. Akakaa chini ku valise, akacheka mupaka machozi. Mzee Paluku naye: "Basi ile mbuzi ya mama hapana lazima tuitafute, yeye mwenyewe amejichuna!" Ata Mama Biira akashindwa. Akasema, "Twende. Huyu hapana mulozi. Mulozi anajuaka kazi yake."

Mbuzi zikapatikana mu shamba ya batu, bakwe bakakula, bakaimba, mali ikapokelewa. Mi nilikuwa mu jikoni, kikwembe imefunika kichwa yote, uso imevimba, inatoka maji, inawaka sawa pilipili.

Jua ikaanza kushuka. Kwetu mu jamaa, mama yangu alinifanyia, na mama yake alimufanyia: mutoto akienda kuolewa, mama anaweka shavu yake ku shavu ya mutoto, huku na huku, pole pole, njo baraka yenyewe. Masika akaja na nguo yake nyeupe, akanyosha shavu. "Mama."

Nikarudi nyuma. Niliogopa ile maziwa imuchome siku ya ndoa yake. Nikamushika mukono tu, na sachet yangu ingali ku vidole.

"Mama, ata kidogo?"

"Hapana, mwanangu. Enda. Wasingya, asante."

Gari ikaondoka. Kisha vita ikafunga barabara, na Masika hakurudi ku mulango yangu mupaka siku alibeba mutoto ku mugongo na mwingine anatembea. Nikamukimbilia, nikaweka shavu, huku na huku, nikarudia. Akacheka: "Mama, nilishazeeka." Ilikuwa shavu ya mama ya batoto. Ile ya bibi-arusi ilipita.

Basi mukiniona ninanawa na maji baridi na sabuni ya Mukongo, muache kuninyoshea paketi. Uso yangu ni ya kuweka ku uso ya mutu. Sitaifunika tena na kitu.