Siku Niliyomgeuzia Mama Mkwe Mgongo

Ukiniona siku hizi natoka Kashojwa, hapa kambini Nakivale, kwenda ziwani kwa kupitia nyuma ya mashamba ya mihogo, njia ndefu yenye matope, usidhani natafuta upepo. Nakwepa watu. Njia ya kawaida inapita mbele ya kanisa letu, na pale mbele ya kanisa hukaa kina mama wa kwaya, na kina mama wa kwaya wakiniona wananyamaza kwanza, halafu mmoja anashika kitenge chake kiunoni kwa mikono miwili, hivi, na wengine wanaanguka kwa kicheko. Nimechoka jamani. Acha niwasimulie mwenyewe, maana naona kila anayesimulia anaongeza ng'ombe (ng'ombe aliyekosa alikuwa mmoja tu, naapa, mmoja).

Mimi ni Byamungu, mtoto wa Uvira, na sisi watoto wa Uvira tuna ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni ziwa letu. Ukinipa maji ya kunywa nitakuambia ya Tanganyika yalikuwa matamu zaidi, ukinionyesha samaki nitakuuliza, na huyu naye ni samaki? Marehemu baba alikuwa mlobaji, ndivyo tunavyosema, kuloba, kutafuta samaki kwa ndoano, na katika mali zake zote nilivuka mpaka na vitu viwili tu: kijiko chake na nailoni yake. Kijiko si cha kunywea uji. Kilikuwa cha uji zamani, baba akakikata mkia, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa kama kioo, akakifunga ndoano ya meno matatu, ukikirusha mbali na kukivuta kinayumbayumba majini kama kisamaki kinachokimbia, na sangala, yule samaki mkubwa wa kwetu, akikiona hana subira. Nailoni nayo ilikuwa ndefu na haikuwa na fundo hata moja. Hilo la fundo mlishike, tutalirudia.

Sasa, nilikuwa nimemposa Riziki. Riziki anaishi Mbarara na mama yake, mjane, mwenye kuuza vitenge sokoni, mama anayetembea shingo juu, na watu wetu wote wa huku kambini wakimtaja walikuwa wanasema yule sasa amefika, yule si mkimbizi tena. Neno la mwisho lilikuwa lake. Na alituma kusema kwamba kabla ya habari ya mahari atakuja kwanza mwenyewe kuona fasi ninapolala na kitu nitakachomlisha mtoto wake, kisha siku hiyohiyo atasema ndiyo au atasema hapana. Nilimpenda Riziki, sitaki kuficha, nilimpenda mpaka mtu akinisalimia habari za asubuhi mimi namjibu amina.

Na kwetu, kwa wale wasiojua, mkwe mwanamume na mama mkwe ni moto na petroli. Humpi mkono. Humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani mpaka apite, akisimama karibu unamgeuzia mgongo, na huo mgongo ndiyo heshima yenyewe, kadiri unavyougeuza vizuri ndivyo anavyojua umelelewa. Ukiwa na neno unamwambia mtu mwingine kwa sauti kubwa, na yeye anasikia kama bahati mbaya.

Siku ya wageni, asubuhi na mapema, tulikwenda ziwani mimi na Donasi. Donasi ni Mrundi, jirani yangu, ndiye alikuwa mshenga, na ni mtu wa kuloba kwa nyungunyungu, kila akiweka nyungunyungu kwenye ndoano anafanya ishara ya msalaba. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Akakata kipande cha bua la funjo kuwa boya, akashusha ndoano taratibu kando ya mafunjo, akakaa. Mimi nikarusha kijiko changu, nikavuta. Nikarusha, nikavuta. Yeye akatoa ngege, akatoa mwingine, akatoa wa tatu mnene wa kupendeza, mimi nikatoa majani.

"Byamungu," akaniambia, "maji ya kwenu ni dirisha. Haya ya hapa ni uji. Samaki wa hapa hawezi kuona kijiko chako, ananusa tu. Mwekee kitu kinachonuka."

"Mimi sijazaliwa kuchimbachimba matope kama kuku," nikamjibu. (Mnaona? Mnaona mdomo huu?)

Basi samaki tulikuwa nao. Beseni lilikuwa na samaki, shangazi zangu walikuwa wameshawasha moto, na kama Mungu angenifunga kinywa siku ile mimi leo ningekuwa baba wa mtu. Lakini gari la kutoka Mbarara lilikawia, wageni wakafika jua limeshapanda na upepo wa ziwani umeamka, na Mama Riziki akaingia uani kwangu amevaa kitenge kipya cha njano chenye ndege wakubwa wa buluu, mimi haraka nikageukia ukuta. Nikamsikia anasimama kwenye beseni.

"Riziki," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "hizi samaki ni za muzuri. Uliza kama ni mutu aliziloba, ao ni feza njo iliziloba."

Yaani, nimeloba au nimenunua? Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Ningesema tu, ni Donasi aliyeloba, tuleni. Ningesema nini, ningekaa kimya! Lakini damu ya Uvira ikanipanda kichwani, nikauambia ukuta: "Donasi, waambie wageni wetu twende wote ziwani. Wataona kwa macho yao."

Tukaenda. Na si sisi tu. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, ikaacha mazoezi. Mbele mimi na fimbo yangu ya kulobea ya mwanzi na shati jeupe, nyuma shangazi, nyuma Riziki, nyuma yake mama yake, na nyuma watu ambao hata siwajui. Kule ufukweni alikuwepo Mnyankole mmoja, mwenyeji wa huku, kutoka upande wa Endiinzi, ananywesha ng'ombe zake, zile za pembe ndefu, akatuangalia akidhani labda tunakwenda kubatiza mtu.

Donasi akaninong'oneza: "Upepo unakuja usoni. Funga chubwi nzito izamishe ndoano, tia nyungunyungu, shusha hapo karibu kwenye mafunjo, usirushe. Upepo ukiwa hivi samaki wanasogea kandokando wenyewe." Na kikopo cha nyungunyungu alikuwa nacho mkononi, ananipa. Nilikitazama. Nikaona matope, nikaona shati langu jeupe, nikafikiria yule mama anaangalia mkwe wake akishika minyoo. Nikatoa kijiko cha baba mfukoni.

Kijiko ni chepesi, na kitu chepesi kukirusha kuuelekea upepo kinataka nguvu, unapeleka fimbo nyuma kabisa, nailoni ndefu inaning'inia mgongoni kwako, halafu unaipiga mbele kwa mwili mzima. Baba alikuwa ananiambia kila siku, kabla ya kurusha geuka utazame nyuma. Kila siku! Lakini nyuma yangu kulikuwa na nani? Nyuma yangu kulikuwa na mama mkwe, amesogea karibu ili aone vizuri, na mimi nimemgeuzia mgongo ule wa heshima, mgongo mzuri, ulionyooka, na kugeuka nitazame nyuma ilikuwa ni kumtazama yeye. Sikugeuka.

Nikarusha. Fimbo ikakwama katikati. Nikajua kimenasa kichakani, nikavuta. Kichaka kikakataa. Nikavuta kwa nguvu zaidi, vile unavyomkaza sangala ndoano imwingie sawasawa mdomoni.

"Byamungu," akasema Donasi, na sauti yake haikuwa nzuri, "usivute."

"Ni kichaka?"

"Si kichaka."

"Ni nini?"

Kwaya nzima wakashika midomo. Hata ng'ombe zikainua vichwa.

"Ni mama."

Jamani. Nimesimama nalitazama ziwa, fimbo begani, nailoni imenyooka nyuma yangu mpaka kwenye kitenge cha mama mkwe, chini ya kiuno, upande wa nyuma, fasi ambayo mimi siruhusiwi hata kuiwaza. Siwezi kugeuka. Siwezi kurudi nyuma, nitamsogelea. Nikienda mbele namvuta. Donasi ni mwanamume, atamshikaje mama wa watu pale? Riziki akajaribu, nikasikia anasema, "Mama, fungua kitenge kidogo, meno yameingia mu makunjo," na mama yake akajibu kwa ukali ambao sikuuelewa siku ile: "Usifungue! Usiguse! Acha vile!" Na akashika kitenge kwa mikono miwili, ndiyo ile wanayoniigizia kila siku mbele ya kanisa.

Ndipo yule Mnyankole akaja. Watu wake samaki hawali kabisa, na mambo ya ndoano kwake yalikuwa mchezo wa watoto.

"Wewe, muzee," akaniambia, "kwa nini nyinyi hapana kata hii kamba? Panga iko hapa. Mimi nakata, kwisha."

Kwisha. Neno tamu kama hilo! Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokufa, si pale kwenye kijiko. Kijiko ni ajali, kila mtu anapata ajali. Lakini niliposikia panga likitoka kwenye ala nilikumbuka nailoni ya baba, ndefu, haina fundo hata moja, na nailoni ikishafungwa fundo haitelezi tena ukirusha, na hapa Nakivale ya namna ile haipatikani. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza. Tusiikate."

Mtu alingoja. Ng'ombe hakungoja. Dume moja lilikuwa limeshiba maji, likaamua kurudi malishoni, likapita katikati yetu kama mwenye barabara, pembe zile ndefu zikaokota nailoni, na lilipoona kitu kinalishika kichwa likashtuka likatimka. Fimbo ikanitoka mkononi. Nikasikia kitambaa, nikasikia ukelele wa mwanamke, na ule ukelele (mwili hauna adabu) ukanigeuza.

Nilimwona. Kitenge cha njano kilikuwa kinakwenda na ng'ombe, ndege wote wa buluu wanaruka, na Mama Riziki amebaki na sketi ya ndani iliyoshonwa kwa gunia la unga wa msaada, maandishi makubwa yamezunguka kiuno, chakula hiki si cha kuuzwa. Yeye, mwenye kuuza vitenge. Yeye tuliyesema amefika. Kumbe, tulikuja kusikia baadaye, vile vitenge vya sokoni vilikuwa vya mtu mwingine, na hicho kimoja alikiazima aje nacho kwangu apate kusimama vizuri mbele ya mkwe. Kicheko kilianza kwa watoto, kikapanda kwa kwaya, na mtu mmoja huko nyuma (sitamtaja, anaimba besi) akapaza sauti: "Haya, mahari imekwisha kujibiwa, si cha kuuzwa!"

Yeye hakulia. Aliketi chini kwenye majani, akaweka mikono juu ya yale maandishi, mikono miwili haikutosha. Na mimi, badala ya kukimbia nikajitupe kwa viboko wa ziwani, nikafanya nini? Nikamsogelea nikamwambia, "Pole, mama." Neno la kwanza katika maisha yangu kumwambia, macho kwa macho. Riziki akavua shali yake akamfunika, akasimama kati yetu, akaninyooshea mkono niende. Nikaenda.

Samaki wa Donasi hakuna aliyewala. Shangazi zangu walizima moto.

Nilitafuta mbuzi. Kwetu aibu kama ile ina mbuzi wake, jike jeupe lisilo na alama, nikahangaika nalo mpaka Mbarara, likalia njia nzima kama ndilo lililokosa. Nikafika kwenye chumba chao, nikaugeuzia mlango mgongo kama inavyotakiwa, nikaongea na ukuta wa jirani. Nikaomba msamaha wa ndoano. Nikaomba msamaha wa ng'ombe. Nikaomba msamaha wa macho yangu. Kutoka ndani nikamsikia Mama Riziki, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ingekuwa na hasira ningepata nguvu.

"Riziki, mwambie kijana, ndoano ni ajali. Ng'ombe ni nyama tu, haina akili. Na lile gunia, basi, sote tulikula ule unga. Lakini mwambie mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshikwa mbele ya batu, panga iko hapo, na yeye akasema ngoja, juu ya kuokoa kamba. Siku moja mutoto wangu naye atashikwa na shida. Sitaki amusikie anasema ngoja."

Jibu lake nalitafuta mpaka leo, nikiwa nalima, nikiwa kanisani, sina. Riziki akatoka, akaniwekea mkononi kitu kilichofungwa katika kipande cha kitambaa cha njano. Mnyankole alikuwa amewarudishia kitenge siku ile, kimechanika na ndoano bado imo, na Riziki alikuwa amekitoa kijiko polepole bila kukata kamba, na nailoni yote ameikunja vizuri, mviringo juu ya mviringo. Haikuwa na fundo hata moja. "Mbuzi urudi naye," akaniambia. "Na uende salama, Byamungu." Akaufunga mlango taratibu, na ule utaratibu ndio uliniua. Watu wanasema ameposwa na mtu mwenye biashara ya maziwa kule Bwizibwera. Sijauliza, wananiambia tu.

Kijiko nimempa Donasi, anakitumia kwa chumvi. Nailoni niliikatakata mwenyewe vipandevipande siku niliyorudi, nikamaliza yote, na haikusaidia chochote. Sasa naloba kwa nyungunyungu kama watu wote: maji yakitulia naweka boya, upepo ukija naweka chubwi, mvua ikichafua maji natafuta utumbo unaonuka kwa ajili ya kambale, na nachimba matope kama kuku na sioni haya. Kurusha sirushi tena, nimeapa. Lakini mazoea mapya ni mabaya kuliko ya zamani, maana hata ninaposhusha tu ndoano hapo miguuni, lazima kwanza nigeuke nitazame nyuma vizuri, kushoto na kulia. Hakuna mtu.