Watoto wa Duma Hawakuwa Yatima

Iko siku moja ambayo hunirudia kila nikisikia mtu kaokota mtoto wa mnyama porini, na leo imenirudia kwa sababu yako, mwanangu. Umenipigia simu kutoka machungani, unaniambia umekuta watoto wawili wa duma kwenye majani, wako peke yao, unataka kuwapeleka nyumbani. Nimekwambia usiwaguse, ukanuna. Haya, sikiliza kwa nini.

Nilikuwa kijana wa kuchunga, huku huku kwetu Itilima, kule malisho yanakopakana na pori la wanyama. Sisi wachungaji, unajua mwenyewe, ndama akikutwa peke yake, hata kama si wako, unambeba. Ukimwacha akaliwa na fisi, aibu ni yako. Basi nikakuta vitoto vitatu vya duma chini ya kichaka, vina manyoya marefu ya kijivu mgongoni, vimetulia tuli. Nikasema, maskini, mama yao kafa. Nikavitia kwenye gunia la pamba, huyoo, nyumbani. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Nikavinywesha maziwa ya ng'ombe. Kufika asubuhi vyote vinaharisha, na kimoja kimekufa.

Shangazi yangu Kabula, dada mkubwa wa baba, alipita kuchukua maziwa akavikuta. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kaburi la mama yao umeliona wapi?"

"Sikuliona, shangazi. Walikuwa peke yao."

"Na mama yako akienda mnadani Bariadi akakuacha ndani, mtu akaja akakubeba, tuseme kakuokoa? Duma huwaficha wanawe, akaenda kuwinda. Inuka, tuwarudishe."

Tukaenda. Mama mtu alikuwa pale pale kichakani, anaita. Duma hangurumi kama simba, mwanangu, analia kama ndege. Tukaviweka chini vile viwili, tukarudi nyuma mbali, tukakaa. Akaja, akabeba kimoja mdomoni, akarudi kuchukua cha pili. Nikashusha pumzi nikidhani yameisha. Akarudi tena. Akanusa pale chini, akazunguka kichaka, akaita, akaita, mpaka jua likawa utosini. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Sikuthubutu kumtazama shangazi usoni.

Kwa hiyo ondoa ng'ombe wako hapo, na mbwa pia, nenda zako. Picha usipige ukairusha kwenye magrupu, maana wako watu wanaovitafuta vitoto hivyo wakaviuze. Ukiwa na wasiwasi waite askari wa wanyamapori, ndiyo kazi yao, wewe si kazi yako. Na wenzako wanaosema duma ni chui, waelimishe: duma ana mistari miwili myeusi kama machozi usoni, na hawindi watu. Mbuzi atakunyakulia, sikatai, tena mchana kweupe. Ndiyo maana tumekutuma uchunge, siyo uchezee simu!

Mungu akutunze, mwanangu. Ng'ombe wako wazae, mvua ikukute umeshapanda, na leo jioni nikuone unaingia nyumbani mikono mitupu.