Jina Nililowapa Askari

Mume wangu alikuwa kuli wa bandari ya Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzuani. Kabla ya hapo alichochea moto kwenye meli za Wazungu, na meli moja ikamwacha Wales, mgonjwa. Alikaa huko baridi mbili kwa watu wanaochimba makaa ya mawe. Aliporudi hakuniletea dhahabu. Alileta sahani moja ya santuri, na habari za Mmarekani mweusi, mwimbaji na mchezaji wa tamthilia, ambaye wachimbaji wale walimpenda kama mtoto wa kwao.

Mimi si mtu wa nyimbo. Lakini Ijumaa baada ya sala makuli walijaa kwangu kusikiliza ile sauti nzito. Lugha hakuielewa hata mmoja.

"Kifua kile! Huyu angetufaa kwenye magunia ya mchele."

"Angeula wote kabla haujafika ghalani."

Mume wangu hakucheka. Aliwaeleza alivyomwona kwa macho yake, mtu mwenye jina kubwa, akiimba mbele ya wajane wa waliofia shimoni, kisha akaketi nao kunywa chai. Akawaambia na desturi ya kule: mchimbaji akifa, wote hupanda juu, hakuna anayegusa sururu siku ile.

Hilo ndilo lililowaingia.

Wakati huo mamluki wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuipindua serikali, na askari wao walisimama bandarini na bunduki. Siku moja kamba ikakatika, kasha likamponda kuli ndani ya tishari, hicho chombo cha kushushia mizigo ya meli kubwa. Msimamizi akasema maiti ifunikwe turubai, kazi iendelee, mizigo ni ya askari. Makuli wakaacha kila kitu. Wakambeba mwenzao hadi kwake, akaoshwa, wakamzika. Mume wangu alikuwa wa mbele kwenye jeneza.

Kesho yake walikamatwa kumi na mmoja, mume wangu akiwamo, na askari wawili wakaja kwangu.

"Mama, nani aliyewafundisha hawa kugoma?"

Niliona wanataka jina, hawaondoki bila jina. Nikitaja kuli, kuli ana watoto. Nikataja mtu wasiyeweza kumfikia. Nikasema ni mwimbaji, Mmarekani mweusi, rafiki wa wachimba makaa wa Wales, mume wangu anamjua. Nikawapa na sahani yenyewe. Nikajiona nina akili.

Ujinga mtupu. Kazi iliyosimama siku moja ingewapatia viboko, basi. Mimi nimeigeuza njama ya ng'ambo. Wale kumi waliachiwa jioni. Mume wangu wakampeleka Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine.

Nikamfuata. Mfungwa hulishwa na watu wake, na Moroni hakuwa na mtu. Nilipata pa kulala Itsandra, nje kidogo ya mji, kwa mwanamke ambaye kaka yake naye alikuwa ndani. Kila asubuhi alinicheka: "Ninyi Wanzuani mkisalimia, mtu anadhani mnagombana." Kisha tunashika njia ya mjini, kila mmoja na sufuria yake.

Siku moja niliitwa mbele ya Mzungu na mkalimani wake.

"Huyo mwimbaji alifika lini Mutsamudu?"

"Hajafika."

"Aliwaamuru kwa njia gani?"

"Hakuamuru mtu. Aliimba tu, na wao wakasikiliza."

Mkalimani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nyamaza. Kila neno unamwongezea mwezi."

Mume wangu nilionyeshwa mara moja. Amekwisha, shingo imebaki mishipa. Akauliza nani aliyewapa habari zile. Nikasema, "Mimi. Nilikuwa nawaokoa wenzako."

Aliitazama sufuria, hakuigusa.

"Tuliacha kazi kwa ajili ya marehemu," akasema. "Wewe umewaambia tulitumwa."

Aliachiwa baada ya Ramadhani ya pili, anakohoa damu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mume aliyechukizwa hurudi kwao. Alipita mlangoni kwangu mchana, watu wanaona, akaenda kwa dada yake. Nilipeleka uji kila siku. Bakuli lilirudi tupu, sikujua nani aliyekunywa.

Nilimwomba radhi mara mbili. Ya kwanza alikuwa na homa, akageukia ukutani. Ya pili akasema, "Usiniombe mimi. Waombe makuli."

Mwanamke wa umri wangu haendi kusimama bandarini mbele ya wanaume. Nilikwenda. Askari walikuwepo, wanatazama. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo: "Hamkutumwa na mtu. Mlimzika mwenzenu kwa akili zenu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Kuli mmoja akajibu, "Tunajua, mama. Tulikuwepo."

Nilirudi mbio kumwambia. Macho yalikuwa wazi lakini ulimi umekwisha kufunga, dada yake amemgeuza kuelekea kibla. Nikainama sikioni nikamweleza yote, neno kwa neno. Dada yake akaniambia niache, nimpishe atamkiwe shahada. Nikampisha.

Mpaka leo sijui kama alinisikia.