Pete ya Nne ya Mpira

Lucien hakai. Hata bugali huula akiwa amesimama, akilizunguka gari analotengeneza kana kwamba litamtoroka. Majirani wa garaji yake pale Kadutu wamemzoea, lakini asubuhi ile alizunguka hadi wakamwonea huruma.

Gari lilikuwa la mwalimu Eulalie. Mama yake, ambaye sasa anaona vivuli tu, alitakiwa kufika Katana kabla ya saa sita. Daktari wa macho alikuwa akipita huko siku hiyo, na kesho yake anaondoka. Mama alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, kikapu mapajani.

Lucien alikuwa amebadilisha kolekta, bomba la aluminiamu linaloipa injini hewa, kwa kuwa ya zamani ilipasuka. Injini iliwaka, ikanguruma, ikafifia, ikazimika.

"Papa Lucien, iko inakohoa," Eulalie alisema.

"Nasikia, maman. Siko kiziwi."

Aliiwasha tena, akamwagia maji ya sabuni kuzunguka injekta, vile vidude vinne vinavyonyunyiza esansi, yaani petroli. Povu likanyonywa ndani: hewa ilikuwa ikipenya hapo. Akaizima, akagusa injekta moja: ilicheza kama jino la mtoto. Aliichomoa, akachungulia shimo, akajipiga paji la uso. Pete za mpira zinazokaa chini ya injekta hazikuwapo. Zilibaki zimenata ndani ya kolekta ya zamani, na ile alikwisha kumpa Djafari, anayeyeyusha vyuma chakavu kutengeneza sufuria.

Eulalie aliokota chini kipande cha shambrea, mpira wa ndani wa tairi. "Kata hii, uweke, twende."

"Kwa moto ya injini? Itayeyuka mbele ya kufika Mudaka, katikati ya njia. Injekta ikichomoka, esansi itamwangika. Siwezi kuchoma muzee."

Lucien alikitia kipande mfukoni, akashuka mteremko mbio hadi kwa Djafari.

"Kolekta yangu iko wapi?" alihema.

Djafari alionyesha sufuria iliyokuwa ikipoa. "Ile pale, tonton. Unataka na kifuniko?"

"Na mipira yake?"

Djafari hachomi mpira, moshi wake humkaba. Pete tatu zilikuwa kwenye kopo. Ya nne alikuwa amelivika bomba la mvukuto wake, pale hewa ilipovuja.

"Hiyo hapana. Nikiacha kuvukuta, moto inakufa, na sufuria iko nusu."

"Basi vukuta, usiache!"

Lucien alichana kile kipande cha shambrea kwa meno. Mkono mmoja ukaivuta pete, mwingine ukafunga shambrea palepale, huku Djafari akivukuta na kumwita mwizi wa mchana. Hewa haikuvuja.

Garajini alizipaka pete zote nne mafuta, akazitia mashimoni, akazisukuma injekta. Safari hii ziliingia kwa ubishi, zikatulia. Injini ikawaka, ikanguruma sauti moja. Eulalie akaondoka bila kuaga.

Adhuhuri simu ililia.

"Amefika?" Lucien aliuliza kabla ya salamu.

"Ameingia kwa daktari. Papa Lucien, sasa ikala chini, ule."

"Nimeikala chini," alijibu, sahani mkononi, akilizunguka gari la mtu mwingine.