Majaribio ya Ndoo Tupu

Kikundi cha wafuga nyuki wa Ipole kiliponiita nikitengenezee mfumo wa kupokea asali kwa simu, nilianza kwa kutengeneza mfumo wa uongo. Ndiyo kazi yangu: kabla ya kujenga kitu, nakiigiza kwenye kompyuta. Ndoo inafika, inapimwa unyevu, ghala linapata ujumbe, ndoo inaondoka. Nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Itetemia, asali ilitiririka kwenye kioo cha kompyuta wiki nzima bila kukwama. Nikajiona mwanamke hatari.

Nilipofika Ipole niliomba tuigize tena, safari hii kwa watu na ndoo tupu. Kila mtu akae penye kazi yake, mimi nitakuwa mashine ya kupeleka ujumbe. Mwenyekiti wa kikundi, mzee anayependa vikao kuliko asali, alifungua zoezi kwa sala ndefu.

Ndoo ya kwanza ikafika kwa mama anayepima unyevu. Akatia kipimo kwenye hewa, akakunja uso kama ameona kitu, kisha akanigeukia.

"Mwambie huyo wa ghalani ndoo iko tayari."

Huyo wa ghalani alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kupeana chumvi. Nikadhani mama kaingia vizuri kwenye maigizo, nikapeleka. Mtunza ghala akajibu bila kugeuka: nimwambie huyo wa vipimo kwamba mfuniko umelegea. Nikarudi. Mama akasema mfuniko si kazi yake. Nikaenda tena. Ndoo haijasogea, na mashine inatoka jasho.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba wale ni kaka na dada, tumbo moja, na hawajasemezana tangu msiba wa baba yao. Mbuzi wa matanga alitoroka, kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyemfunga vibaya. Tangu hapo maneno yao yote ya kazi huyabeba yeye.

"Ndiyo maana nimekuita," alisema. "Nimechoka kuwa simu."

Kwenye kompyuta nilikuwa nimeweka kila kitu isipokuwa mbuzi. Nikarudi mjini nikaanza upya, kila walichogombania nikakigeuza kitufe: unyevu sawa, mfuniko mbovu, ndoo imepokelewa. Mwenyekiti alitumaini mashine itawapatanisha. Mimi niliamini itawasaidia kununiana kwa starehe zaidi.

Baada ya mavuno nilikwenda kukagua. Yule mama akaniita, akanionyesha simu yake: *Ndoo imepokelewa. Asante.*

"Huyu hajawahi kuniambia asante tangu tuzaliwe," alisema. "Sasa kila ndoo ananishukuru."

Ile asante niliiandika mimi kwenye mfumo, iende kwa watu wote, nikisubiri maharage yaive. Nikafungua mdomo kueleza. Mwenyekiti akanikanyaga mguu.

Mchana mama akachukua bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akaliweka mbele ya kaka yake, akaondoka. Kaka akala yote, akaramba kijiko. Halafu akaja kuniuliza kama mfumo unaweza kuongezewa kitufe cha kusema karanga zilikuwa chache.

Nikamjibu kwamba hilo akaseme mwenyewe. Hajaenda. Ila bakuli alilirudisha kwa mkono wake, tena akiwa ameliosha.