Mzee Elungat na Neno la Boda

Mzee Elungat hajui Kiingereza, lakini neno moja la Kiingereza analijua kuliko walimu. Alipoanza kazi hapa Busia, akiwa kijana, maofisa walikuwa wakisema "border", maana yake mpaka tu. Elungat na wenzake wa baiskeli walilichukua likawa boda, wakalitamka mara mbili: mpaka huu hadi mpaka ule. Kati ya lango letu la Kenya na la Uganda abiria walitembea juani na mizigo. Waendesha baiskeli hawakupiga kengele. Waliita kwa koo, "Boda boda!"

Mimi hutengeneza baiskeli karibu na hapo. Madereva wa malori huniambia neno hilo wamelikuta Kigali, Juba, mpaka Goma. Kila nikisikia hivyo humtazama yule mzee na kiti chake cha abiria, chenye mto alioushona mkewe Apolot.

Mwaka jana alipasuliwa koo. Alipona, ila sauti haikurudi. Siku aliyorudi kazini alisimama tangu asubuhi, na kila abiria alipotokea, pikipiki, ambazo siku hizi nazo huitwa boda, zilimwahi. Kijana mmoja wa pikipiki akamwambia anunue honi. Wenzake wakacheka. Mzee naye akacheka, bila sauti.

Saa sita akaniletea baiskeli. Alinong'ona nimtolee kile kiti, aanze kubeba makaa.

"Makaa hayangoji kuitwa," akasema.

Sikuweza kumtazama. Nilichukua spana nikalegeza nati ya kwanza.

Hapo Mama Zilpa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akatoka upande wa forodha na gunia lake. Akaangaza huku na huku, akaita, "Boda! Boda!"

Pikipiki tatu zikamzunguka.

"Nyinyi nani amewaita?" akawauliza. "Mimi nataka boda. Huyo mzee alinibeba nikiwa na mimba ya Gentrix, na saa hii Gentrix ako na watoto wawili."

Vijana wakarudisha pikipiki nyuma. Miaka yote hiyo neno lilikuwa likitoka kwa mzee kwenda kwa watu, na sasa nililiona likimrudia.

Mzee Elungat aliweka mkono wake juu ya wangu. Nikaikaza ile nati. Mama Zilpa akakaa upande, gunia mapajani, wakaelekea sokoni polepole, pikipiki zikiwapisha.