Picha Zilizotembeza Matofali ya Afande Aber

Matofali hayana miguu. Hilo kila mtu analijua.

Lakini Alfayo aliyaona yakitembea. Tena mchana kweupe, mikononi mwake mwenyewe, na hakuwa ameonja hata tone la waragi.

Kaeni vizuri wadau, niwape kisa kama Alfayo mwenyewe alivyonisimulia. Siku hizi mtu ana kamera ya dijitali, anaiambia "piga kila baada ya dakika tano," nayo inapiga yenyewe huku yeye anakula chapati. Mwaka tisini na sita mambo hayakuwa hivyo. Kidole chako ndicho kilikuwa mashine.

Alfayo alikuwa Mkenya, mtu wa Busia, aliyefungua studio ya picha Bugembe, Uganda, kando ya barabara ya Iganga. Picha za pasipoti, picha za ubatizo, picha za vijana wa kuazima miwani nyeusi. Riziki ilipatikana. Ila moyo wake ulichoka na watu wanaosimama mbele ya kamera wima, kama wanasubiri kupigwa risasi.

Siku moja akaenda Mbale kununua filamu kwa Adrisi, rafiki yake mwenye studio kubwa karibu na soko. Adrisi alikuwa na televisheni dukani. Alfayo akatupia jicho, akaona ua limefumba. Mara likafumbuka lote, papo hapo, kama mtu anayepiga miayo.

"Adrisi! Huu uchawi gani?"

"Uchawi wa subira, bwana. Unaweka kamera mahali pamoja. Unapiga picha moja, unangoja. Unapiga nyingine, unangoja. Zikiwa nyingi unazipitisha haraka haraka, jicho linaona kitu kinatembea."

"Basi hata mimi naweza."

Adrisi akamtazama kutoka utosini mpaka viatuni. "Wewe? Wewe chai tu inakushinda kungoja ipoe."

Iliuma hiyo. Alfayo akarudi Bugembe na filamu kadhaa mfukoni na hasira kifuani.

Sasa apige nini? Akachungulia dirisha la nyuma la studio, na jibu likawa pale pale. Afande Aber alikuwa anajenga nyumba.

Afande Aber alikuwa sajenti wa magereza, mwanamke wa Kiacholi, mrefu kama mlingoti. Akisema "simama", hata pikipiki inazimika. Mtaa mzima ulimwogopa, kuanzia na mume wake, Opio, fundi wa redio. Opio aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Besi kanisani. Nyumbani, soprano.

Alfayo akajikaza, akamwendea.

"Afande, nataka kupiga nyumba yako ikiota kama mahindi. Siku ya kuhamia, wageni wataiona inatoka chini mpaka kwenye bati, wakiwa wamekaa tu."

Aber akafikiri. Akatabasamu kidogo, jambo ambalo lilimtisha Alfayo zaidi.

"Piga. Lakini ukiharibu, mtu ya picha, wewe na kamera yako nafunga selo moja."

Kazi ikaanza. Kila asubuhi Alfayo anatoa kamera na stendi yake ya miguu mitatu uani, anapiga picha moja, anarudi ndani. Filamu ilipoisha akaisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, akatoa picha ndogo ndogo, akazipanga kama karata na kuziachia chini ya kidole gumba. Frrrr!

Nyumba ikacheza.

Jamani, ilicheza! Ilikwenda kushoto, ikaja kulia, ikaruka, ikapiga magoti. Mara ikawa nyeusi ti, mara nyeupe pe, kama iko disko.

Akaipeleka Mbale. Adrisi alicheka mpaka akakalia sinia la mandazi.

"Nyumba ya afande imelewa!"

"Cheka ukimaliza unifundishe."

Adrisi akafuta machozi. "Sikiliza. Kila siku umeweka stendi mahali tofauti. Kamera isihame hata upana wa unywele. Umbali, mwanga, vyote ukishavipanga mara moja, usiviguse tena. Na upige saa ile ile. Ukitaka kitu kimoja kitembee, vingine vyote lazima vitulie."

Alfayo akarudi, akaipigilia stendi misumari kwenye dirisha la nyuma, akaimwagia na saruji miguuni. Dirisha likawa halifungiki tena. Kuku wa jirani wakahamia ndani. Mteja akija kupiga pasipoti anakuta jogoo amekaa kwenye kiti. Na kwa kuwa kamera nzuri ilikuwa dirishani haitoki, wateja wakapigwa kwa kamera mbovu ya kuazima. Wote walitoka na uso wa mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha maharage motoni.

Hakujali. Kila asubuhi, saa moja, anajikokota kutoka kitandani macho nusu yamefumba. Kachaa! Kisha anarudi kulala.

Hapo ndipo mabaya yakaanza.

Alfayo alikuwa anaitia rangi kwa brashi picha moja ya harusi ya mteja wake aliposikia ngurumo huko nyuma. Afande Aber ametoka kazini, amesimama mbele ya rundo lake la matofali.

"Wasike! Iko wapi tofali yangu?"

Wasike, fundi mwashi, mtu wa upande wa Mbale, akavua kofia. "Afande, tofali naweka kwa ukuta."

"Ukuta imefika dirisha tu! Tofali ilikuwa ya kufika bati!"

"Haki ya Mungu, afande, mimi nalala na njaa, silali na tofali."

Opio alikuwa kando, anatingisha kichwa kwa nguvu. "Watu wabaya sana, mama," akasema kwa ile sauti yake nyembamba ya nyumbani. "Wabaya sana."

Aber akachukua mwiko wa Wasike. Akachukua pima maji. Akachukua na baiskeli. "Kesho kutwa kama tofali haijarudi, tunaenda polisi."

Wasike akaja studio, akakaa kwenye kiti cha jogoo, kichwa mikononi.

"Bwana Alfayo, watoto wangu wanakula kwa ule mwiko. Mtaa mzima sasa unaniita mwizi. Nani atanipa kazi tena?"

Alfayo akatazama kamera pale dirishani. Filamu ilikuwa haijaisha. Kuitoa ni kuigusa kamera, na kuikata shingo ile nyumba ya kwenye picha, wakati huu ambapo mambo yalikuwa yamenyooka. Akamtazama Wasike tena.

"Kila asubuhi nimepiga uwanja huu," akasema. "Kama kuna mtu amepita, huenda yumo."

Akaitoa. Akaingia chumba cha giza, roho inamuuma. Picha zilipokauka akazipanga, akaweka kidole.

Frrrr.

Nyumba ikapanda. Polepole, laini, bila kutikisika, kama mkate kwenye tanuri. Alfayo akapiga kelele.

"Wasike! Inaota! Tazama, inaota!"

"Nimeona, bwana. Na mimi naenda jela."

"Samahani." Akarudia. Frrrr. Safari hii akalazimisha jicho lisitazame nyumba.



Pembeni mwa nyumba, rundo la matofali lilikuwa linayeyuka kama sabuni kwenye maji. Na kule nyuma, ng'ambo ya ua wa michongoma, kwenye kiwanja cha kanisa ambapo walikuwa wanajenga ofisi ya pasta, rundo lingine lilikuwa linakua. Hili linashuka, lile linapanda. Ukichukua picha moja moja huoni kitu. Ukizipitisha, matofali yanahama mbele ya macho yako.

Na katika picha moja tu, kati ya marundo mawili, kulikuwa na mtu anasukuma wilbaro. Amevaa koti la mvua la magereza, kofia imefunika kichwa.

"Mama yangu," Wasike akanong'ona. "Ni afande mwenyewe anajiibia!"

Alfayo akasogeza picha puani. Koti lilimfika mtu huyo kwenye visigino.

"Afande hana miguu mifupi hivi."

Wakatazamana.

Kumpelekea Aber zile picha kulihitaji moyo. Walimkuta nyumbani, Opio anamimina chai. Aber akazipitisha mara ya kwanza. Akazipitisha tena. Akaitoa ile moja, akaishika kwenye mwanga.

"Opio."

Birika likagonga meza. "Ndiyo, mama."

"Hii koti ni ya nani?"

Opio akapiga magoti kabla hajaulizwa swali la pili. Pasta alimwomba asaidie ujenzi, yeye kama mkubwa wa besi, akashindwa kusema hapana. Akatoa matofali. Akaomba asitajwe jina. Kila asubuhi Aber akiwa kazini na Wasike hajafika, anapitisha wilbaro penye pengo la michongoma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi, mama? Jumapili pasta alitangaza kuna mtumishi wa siri anayeleta matofali. Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya kanisa zima. Ukasema wanaume kama huyo wamekwisha, na mke wake ana bahati."



Alfayo alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Ndipo Aber akacheka. Alicheka mpaka vikombe vikalia kwenye sinia, na hakuna mtu Bugembe aliyewahi kusikia kicheko hicho.

Akanyamaza ghafla. "Kitu imepewa Mungu hairudi. Lakini nyumba yangu pia lazima ipande."

Akatoka na kumrudishia Wasike baiskeli, pima maji na mwiko. Kisha akasimama wima mbele yake, watu wa mtaa wanaona, akapiga saluti.

"Fundi, nimekosa. Nisamehe. Na nyinyi wote mmesikia."

Wasike hakujua afanye nini. Akapiga saluti na yeye, kwa mkono wa kushoto.

Halafu Aber akageuka. "Mtu ya picha! Ng'oa kamera. Opio anaenda kufyatua tofali yangu kwa miguu yake. Nataka yeye pia aote."

Alfayo akaing'oa ile stendi na saruji yake, akaipanda bondeni, penye udongo wa kufyatulia matofali, safari hii akijua anachofanya.

Siku ya kuhamia wageni walijaa. Picha za nyumba walizipitisha mara moja, wakasema nzuri, wakarudia pilau. Lakini za Opio! Walipanga foleni. Opio kwenye tope mpaka magotini, rundo linapanda, na kadiri linavyopanda, kitambi kinashuka. Pasta alizipitisha mpaka mkono ukamchoka.

Adrisi, aliyekuja kutoka Mbale kula na kutia dosari, alizitazama kwa muda mrefu sana, akitafuta kosa.

"Hapa kwenye kitambi," akasema mwishowe. "Ulibadilisha lenzi?"

"Lenzi ni ile ile," Alfayo akajibu. "Kitambi ndicho kimehama."

Basi wadau, mimi nilichookota hapa ni hiki. Usimwite mtu mwizi kwa ulichokiona siku moja. Ngoja uone na siku nyingine. Na wewe mume mwema unayetoa sadaka kwa siri, Mungu akubariki, ila kwanza hakikisha tofali ni lako.